Maswali ya Wasomaji: Gitaa la Fender Jaguar na Swichi Zake

Mwezi huu tumeziweka pamoja barua tatu zinazohusu gitaa la aina moja, yaani Fender Jaguar la miaka ya 1960, kwa sababu majibu yake yanategemeana na msomaji wa barua moja atafaidika na jibu la nyingine.

Swali la kwanza

Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Tanga, na mwishoni mwa wiki hupiga gitaa katika bendi ndogo ya sherehe. Baba yangu mdogo, aliyeumaliza ujana wake baharini, amenikabidhi gitaa la umeme alilolinunua Uingereza alipokuwa akifanya kazi melini. Kichwani limeandikwa Fender Jaguar, na kwenye bamba la chuma lililo nyuma ya shingo kuna herufi L ikifuatiwa na tarakimu tano. Nimelipokea kwa furaha, lakini kusema kweli linanishinda. Kuna wakati nazungusha vifungo vyote na hakitoki chochote. Kuna swichi ya tatu kule chini ambayo nikiisukuma sauti inakonda kama inayotoka kwenye simu ya mezani. Daraja linayumba nikiligusa kwa kidole, na nikipiga kwa nguvu uzi wa sita unaruka kutoka mahali pake. Hapo hapo kwenye daraja kuna kibamba chenye mabaki ya sponji yanayonata, na nyuma yake kuna kitufe ambacho sijui kazi yake. Fundi mmoja ameniambia kwamba gitaa limechoka: atakata nyaya zote za juu na kuunganisha moja kwa moja, atafunga daraja jipya lisilocheza, kisha atalikwangua na kulipiga rangi upya. Je, nimruhusu?
Mwalimu, Tanga

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Usimruhusu, na hasa hilo la kukwangua rangi lisifanyike kabisa. Katika yote uliyoyaeleza, mambo mawili tu ndiyo yanayohitaji matengenezo, yaani sponji iliyooza na uzi unaoruka. Mengine yote ni gitaa kufanya kazi yake kama lilivyokusudiwa na waliolibuni.

Jaguar lilitoka mwaka 1962 katika kiwanda cha Fender kilichokuwa Fullerton, jimbo la California, nalo ndilo lililowekwa juu ya magitaa mengine yote ya kampuni hiyo kwa bei na kwa mapambo. Umbo lake la kiuno kilichopinda upande lilirithiwa kutoka kwa Jazzmaster la mwaka 1958, ambalo lilibuniwa kwa ajili ya wapigaji wa jazi wanaokaa kitini. Wapiga jazi hawakulipokea kwa wingi, bali vijana wa California waliokuwa wakipiga muziki wa mawimbi ya bahari, uitwao surf, ndio waliolipenda, na Jaguar lilipokuja likawa limefika kwa watu wake. Utaona basi kwamba lilizaliwa wakati ambapo mpigaji hakuwa na msururu wa pedali za kukanyaga kwa mguu ili kubadilisha sauti. Kila alichohitaji ilibidi kiwekwe kwenye gitaa lenyewe, na Leo Fender, aliyeanza kama fundi redio, hakuwa mtu wa kuogopa kuongeza swichi.

Tuanze na ukimya unaokusumbua. Jaguar lina njia mbili za umeme zilizotengana. Upande wa juu, karibu na pembe iliyo jirani na kifua chako, kuna bamba dogo lenye swichi moja ya kusukuma na vigurudumu viwili vilivyozama nusu. Swichi hiyo ikiwa juu, gitaa linatumia kinasa cha shingoni peke yake (kinasa ni kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme), na sauti yake inatawaliwa na vigurudumu hivyo viwili tu, kimoja cha ukubwa wa sauti na kingine cha kuipunguza ukali. Vifungo vya chini na swichi zake tatu havina kauli yoyote wakati huo. Kwa hiyo kama swichi ya juu imesukumwa na mkono bila wewe kujua, na kigurudumu cha sauti kiko sifuri, utazungusha vifungo vya chini mpaka usiku na hutasikia kitu. Swichi hiyo ikishushwa, vigurudumu vinanyamaza na sehemu ya chini inashika hatamu. Huko nako kuna mtego mwingine: swichi mbili za kwanza huwasha na kuzima vinasa, kila moja chake, na zote mbili zikiwa zimezimwa gitaa linakuwa bubu.

Njia nyepesi ya kujifunza ni kuchomeka gitaa kwenye amplifaya, kupunguza sauti ya amplifaya, kisha kukigonga kila kinasa taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo huku ukibadilisha swichi moja moja. Kinasa kilicho hai kitagonga waziwazi kwenye spika, na kilichozimwa hakitasikika au kitasikika kwa mbali sana. Baada ya robo saa utakuwa na ramani yote kichwani. Ukikuta kwamba swichi inafanya kazi ukiibonyeza upande na kukatika ukiiachia, hapo ndipo penye ubovu, na kwa mtu wa Tanga mshukiwa wa kwanza ni hewa ya chumvi. Nunua dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi za umeme, puliza kidogo ndani, kisha sukuma swichi mbele na nyuma mara nyingi. Fanya vivyo hivyo kwenye vigurudumu. Mafuta ya cherehani, ambayo mafundi wengi huyakimbilia, yasiguse swichi hizo, kwa kuwa hukusanya vumbi na baada ya miezi michache tatizo hurudi likiwa baya zaidi.

Kuhusu swichi ya tatu inayokondesha sauti, hiyo haina kasoro yoyote. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayozuia sauti nzito na kuachia zile kali zipite. Mpigaji akiwa peke yake chumbani atasema swichi hiyo haina maana, lakini apige katika bendi yenye besi, kinanda, tarumbeta na magitaa mengine mawili, ndipo ataelewa. Sauti iliyokatwa unene haigombani na besi, na kila noti inajitenga na mwenzake. Kwa maoni yangu hakuna swichi katika gitaa hili inayomfaa mpigaji wa muziki wetu wa dansi kuliko hiyo. Ukichanganya na ile njia ya juu, unapata jambo ambalo wenzako watalinunua kwa pedali mbili: unapiga beti kwa sauti laini ya njia ya juu, na bendi inapoingia kwenye chemko unashusha swichi moja kwa kidole, na sauti kali uliyoiandaa mapema inatoka bila kuinama.

Sasa daraja. Daraja la Jaguar limesimama juu ya nguzo mbili ambazo ncha zake zimekaa ndani ya vikombe vya chuma vilivyozama kwenye mbao, na nafasi imeachwa kwa makusudi ili daraja liweze kuegemea mbele na nyuma pamoja na nyuzi mkono wa tremolo, ule wa kuyumbisha sauti, unapotumika. Nyuzi zikikwama juu ya daraja lisilosogea, haziwezi kurudi katika sauti zake; zikisogea pamoja na daraja, zinarudi. Kuyumba huko basi ndiko kunakoliwezesha gitaa kubaki na sauti zake. Unachotakiwa kuhakikisha ni kwamba, nyuzi zikiwa zimekazwa na mkono haujaguswa, daraja limesimama wima. Wapo wapigaji wasiotumia tremolo kabisa ambao huzungushia nguzo hizo utepe ili zitulie, na hilo halina madhara kwa sababu linaondolewa kwa dakika moja. Kufunga daraja lisilocheza kwa kutoboa mashimo mapya ni jambo jingine, na mashimo hayazibiki.

Uzi kuruka ni lawama ya kweli, nayo inajulikana tangu zamani. Kila uzi umekaa juu ya kipande cha mviringo chenye mifereji midogo mingi kama ya skrubu, na mifereji hiyo haina kina. Zaidi ya hapo, kishikio cha nyuzi kiko mbali nyuma ya daraja, kwa hiyo uzi unapita juu ya daraja kwa pembe ndogo na haukandamizwi sana. Ongeza kwamba urefu wa uzi unaolia katika Jaguar ni inchi 24, takriban sentimita 61, wakati Stratocaster na Telecaster zina inchi 25 na nusu. Uzi mfupi ukikazwa kufikia sauti ile ile huwa mlegevu zaidi. Gitaa hili lilibuniwa likitarajiwa kuvishwa nyuzi nene zenye uso laini, ambazo ndizo zilizotumiwa na wengi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo mtu akilivisha nyuzi nyembamba za namba 9, kisha akazipiga kwa nguvu za rumba, uzi utaruka na daraja litapiga kelele. Nina hakika kubwa kwamba lako limevishwa namba 9 au 10. Weka seti inayoanzia 11, na kama vidole vyako vinavumilia, weka inayoanzia 12. Kwa kuwa shingo ni fupi, namba 11 hapo itakuwa laini mkononi kuliko unavyoogopa.

Nyuzi nene zisipotosha, hatua inayofuata ni kuinua kidogo pembe ya shingo kwa kuweka kipande chembamba cha mbao au cha karatasi ngumu kati ya shingo na kiwiliwili, upande ulio karibu na daraja, kisha kuinua daraja kufidia. Kiwanda chenyewe kilikuwa kikifanya hivyo, kwa hiyo ukifungua na kukuta kipande cha namna hiyo usidhani kuna mtu aliyebabaisha. Wakati shingo iko nje ndio wakati wa kunyoosha chuma kilicho ndani yake ikihitajika, kwa kuwa katika magitaa hayo ya Fender skrubu yake iko mwishoni mwa shingo, upande wa kiwiliwili, na si kichwani. Zungusha robo tu, rudisha shingo, kaza nyuzi, tazama, kisha uamue kama unahitaji robo nyingine. Na kama baada ya yote hayo uzi bado unaruka, kuna vipande vya daraja la Fender Mustang, gitaa dogo lililotoka mwaka 1964, ambavyo vina mfereji mmoja wenye kina na daraja lake zima huingia mahali pa la Jaguar bila kutoboa chochote. La zamani liweke kwenye bahasha ndani ya kasha.

Kibamba chenye sponji ni kifaa cha kuzima mlio. Ukikibonyeza, sponji inainuka na kugusa nyuzi kutoka chini, na noti zinakuwa fupi na kavu. Kilihitajika kwa sababu Jaguar liliuzwa na kofia ya chuma iliyofunika daraja, hivyo kiganja hakikuweza kufika hapo kuzima nyuzi. Wapigaji wengi walikichukia, kwa kuwa kikiinuka huzisukuma nyuzi na kuzipandisha sauti kidogo, wakakifungua na kukitupa. Mimi sikitetei sana. Ondoa mabaki ya sponji kwa kijiti cha mbao bila kutumia thina, ukate sponji nyingine ikiwa unapenda, au kifungue chote ukihifadhi pamoja na skrubu zake. Kama baba yako mdogo bado ana ile kofia ya chuma sandukuni, muombe, maana ndicho kitu cha kwanza kupotea katika magitaa haya.

Kitufe kilicho kwenye bamba la kishikio cha nyuzi ni kufuli la tremolo. Weka nyuzi zote katika sauti zake, bonyeza mkono wa tremolo chini, sukuma kitufe hadi mwisho wa njia yake, kisha achia mkono. Sasa unaweza kuusukuma mkono chini lakini hauwezi kuinuka kupita hapo. Sikiliza nyuzi: zikiwa zimebadilika sauti baada ya kufunga, kaza au legeza skrubu kubwa ya katikati inayobana springi, weka nyuzi upya katika sauti, na urudie mpaka kufunga na kufungua kusibadilishe chochote. Hapo ndipo tremolo iko katika mizani. Faida yake utaiona usiku wa harusi uzi wa kwanza utakapokatika katikati ya wimbo. Katika magitaa mengi yenye tremolo nyuzi zilizobaki zote zingepanda sauti kwa pamoja, lakini ukiwa na Jaguar unasukuma kitufe na kumaliza wimbo kwa nyuzi tano.

Mwisho ni rangi. Magitaa hayo yalipakwa laka nyembamba ambayo hufifia, hupasuka mistari na kumenyuka pale mkono unapogusa. Wanunuzi wa magitaa ya zamani hupunguza sana bei ya gitaa lililopakwa rangi upya, hata kama kazi imefanywa vizuri, kwa hiyo fundi wako angekulipisha kwa kukupunguzia mali. Lifute kwa kitambaa laini kikavu baada ya kupiga, na usitumie spiriti wala thina. Usilisimamishe muda mrefu kwenye stendi yenye mpira, kwa sababu aina nyingi za mpira huiyeyusha laka ya namna hiyo. Lile bamba la plastiki lenye madoa ya gamba la kasa, kama lako ni la rangi ya kahawia, limetengenezwa kwa seluloidi ambayo hunywea na kujikunja kwa joto. Kasha lisikae darini chini ya mabati, na lisikae kando ya jiko, maana seluloidi hushika moto upesi.

Akilifungua fundi kwa ajili ya kusafisha, mwambie kabla hajaanza kwamba vile vibamba vya shaba nyeupe vilivyotandazwa ndani ya mashimo ya nyaya havitolewi. Hivyo, pamoja na zile pande za chuma zenye meno zilizozikumbatia vinasa, huzuia mngurumo wa umeme unaotoka kwenye taa na transfoma. Katika kumbi zetu, ambako waya wa ardhi mara nyingi ni jina tu, utavihitaji.

Swali la pili

Bwana Mhariri, assalaam aleikum. Mie ni Mzanzibari ninayeishi Maskati, na napenda kununua Jaguar la zamani kutoka kwa muuzaji aliyeko Uingereza. Anasema lilitengenezwa tarehe 1 Septemba 1963, na amenipelekea picha ya muhuri ulio mwishoni mwa shingo unaosomeka 1 SEP 63 B. Je, muhuri huo unatosha kuniaminisha? Na kuna lolote la kuangalia kuhusu kulipitisha forodhani?
Msomaji wa kike, Maskati

Jibu

Wa aleikum salaam, Bibi. Muhuri wenyewe unaweza kuwa wa kweli kabisa, lakini muuzaji ameusoma vibaya. Katika mihuri ya Fender ya miaka hiyo tarakimu ya mwanzo si siku ya mwezi, ni namba ya aina ya gitaa, na 1 ndiyo iliyokuwa ya Jaguar. 2 ilikuwa ya Stratocaster, na 4 ya Jazzmaster. Herufi ya mwisho ni upana wa shingo pale juu karibu na kichwa, na B ndiyo ya kawaida. Basi muhuri unasema tu kwamba shingo ni ya Jaguar, ya upana wa kawaida, na ni ya Septemba 1963. Sishawishiki kwamba muuzaji anadanganya, kwani wengi hukosea hapo; ila mtu anayedai kujua sana akikosea hapo, mwangalie vizuri zaidi kwengine.

Muhuri ni wa shingo, na shingo hufungwa kwa skrubu nne tu. Ndiyo maana usiishie hapo. Muombe picha ya ndani, bamba la chini likiwa limefunguliwa, inayoonyesha mgongo wa volyumu, yaani kifaa cha ndani kinachozungushwa na kifungo cha sauti. Volyumu nyingi za miaka hiyo zina namba iliyogongwa, inayoanza na 304 au 137, ambazo ni alama za watengenezaji, zikifuatiwa na mwaka na wiki. Kwa mfano, 304 6327 ni ya wiki ya 27 ya mwaka 1963. Volyumu ikiwa ya mapema kidogo kuliko shingo, hilo ni la kawaida, kwani kiwanda kilinunua vifaa kwa wingi na kuvitumia polepole. Ikiwa ya miaka mingi baadaye, basi imebadilishwa, na bei lazima ishuke. Tazama pia risasi iliyounganisha nyaya: iliyoguswa upya hung'aa na kuwa na umbo tofauti na ya jirani yake. Namba iliyo kwenye bamba la nyuma isikutie wasiwasi wala isikupe uhakika mkubwa, kwa sababu mabamba hayo yaliokotwa kutoka sandukuni bila kufuata mpango.

Ubao wa vidole nao una habari zake. Jaguar la mwaka 1963 linatakiwa kuwa na vidoto vya rangi ya udongo, visivyong'aa, na shingo isiyo na ukingo mweupe. Ukingo huo ulianza kuonekana mwishoni mwa mwaka 1965, na alama kubwa za mstatili zikafuata mwaka 1966, baada ya Leo Fender kuiuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwezi wa Januari 1965 kwa dola milioni 13. Wakusanyaji huyapenda zaidi yaliyotoka kabla ya mauzo hayo. Mimi nimeyasikia ya pande zote mbili, na kwa masikio yangu la mwaka 1966 lililotunzwa halizidiwi na la mwaka 1963 lililochezewa, ila bei sokoni haiulizi masikio yangu.

Kuhusu forodha, swali lako ni zuri na watu wengi hawaliulizi. Mbao za vidole za magitaa ya Fender ya wakati huo kwa kawaida ni mrosi wa Brazili, Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu ambao ni Dalbergia melanoxylon. Mpingo umo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambayo ni nyepesi zaidi, na ala za muziki zilizokamilika za miti ya orodha hiyo zilipewa msamaha mwaka 2019. Mrosi wa Brazili umo katika Orodha ya Kwanza tangu mwaka 1992, na msamaha huo hauuhusu. Gitaa likivuka mpaka kwa kuuzwa linahitaji hati, na kwa gitaa la mwaka 1963 hati yenyewe ni cheti kinachothibitisha kwamba mbao zilivunwa kabla ya mti huo kuingizwa kwenye mkataba. Ni kazi ya muuzaji kukiomba katika mamlaka ya nchi yake kabla ya kusafirisha, na ni kazi yako kuuliza mamlaka za Omani mapema kama wanahitaji na kibali cha kuingiza. Usikubali akwambie kwamba ataliandika kwenye fomu kuwa ni zawadi. Likikamatwa, linaweza kutaifishwa, na pesa zako atakuwa ameshazipokea.

Jambo dogo la mwisho: mwambie alegeze nyuzi kidogo kabla ya kulifunga, auvue mkono wa tremolo, na aweke kitambaa kati ya nyuzi na ubao wa vidole.

Swali la tatu

Mhariri mpendwa, hujambo? Nina Jaguar ambalo nadhani ni la mwaka 1966, lenye alama za mstatili shingoni. Kinasa cha darajani kimekufa. Nimeona kwamba Kurt Cobain, yule wa bendi ya Nirvana, alipiga Jaguar lenye vinasa vinene vya koili mbili, nami nafikiri kumpa seremala alitoboe langu niweke kama hivyo. Wenzangu wawili wananikataza. Wewe wasemaje?
Mpiga solo, Nairobi

Jibu

Sijambo, ndugu. Nami nawaunga mkono wenzako. Jaguar la Cobain lilikuwa la mwaka 1965, na lilimfikia mwaka 1991 likiwa tayari limebadilishwa vinasa na mtu aliyekuwa nalo kabla yake. Wakati huo magitaa haya yalikuwa yameacha kutengenezwa Marekani tangu mwaka 1975, hayakuwa na soko, na vijana wasio na pesa waliyanunua kwa kuwa Stratocaster ya zamani hawakuiweza. Mtu aliyelitoboa hakuwa akiharibu kitu ambacho mwenzake angekililia. Leo hali imegeuka, na shimo lililopanuliwa katika kiwiliwili cha mwaka 1966 linabaki hapo hata kama utakuja kujutia.

Kwanza hakikisha kwamba kinasa kimekufa kweli. Pima kwa mita ya ohm, waya mmoja wa kinasa na mwingine, baada ya kuufungua mmoja kutoka kwenye swichi. Kinasa kizima cha Jaguar kitaonyesha ohm elfu kadhaa. Mita isipoonyesha njia yoyote ndipo waya umekatika ndani, na mara nyingi hukatika pale mwanzoni au mwishoni mwa koili, penye kiungo, ambapo fundi mwenye macho mazuri na mkono mtulivu anaweza kuunganisha bila kuzungusha upya. Ikishindikana, kinasa husukwa upya kwa waya mwembamba wa shaba juu ya kiini kile kile, na gitaa hubaki na vifaa vyake vyote. Mpe anayefanya kazi hiyo kinasa chenyewe tu, na ile pande ya chuma yenye meno ubaki nayo nyumbani, kwa sababu haitakiwi katika kazi hiyo na ni rahisi kusahaulika mezani kwa mtu.

Ukitaka sauti nene ya koili mbili, nunua Jaguar jipya. Yametengenezwa tena Japani tangu mwaka 1986 na Marekani tangu mwaka 1999, na yapo yanayouzwa moja kwa moja na vinasa vya aina hiyo. Hilo litoboe utakavyo. La mwaka 1966 lipigie solo kama lilivyo: lina freti 22 na shingo fupi, hivyo mkono unafika kule juu unakohitajika kwenye sebene bila kujinyoosha, na ile swichi ya tatu niliyomweleza Mwalimu wa Tanga itakutenganisha na mpiga rithimu wako hata kama amplifaya yake ni kubwa kuliko yako.